Laptopu ya gemu ya kuagiza Uingereza: pesa iende wapi kwanza

*"Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Dar es Salaam. Nahariri video na kutengeneza katuni za 3D kwa Blender, na jioni nacheza gemu. Kaka yangu anaishi Leicester na anakuja likizo Desemba. Amekubali kuniagizia laptopu kwenye duka la mtandaoni la hukohuko, yale ambayo unachagua kila kipande mwenyewe kisha wao wanakuunganishia. Bajeti yangu ni pauni 1,500, nikibanwa naweza kuongeza kidogo. Nimepanga hivi: kasha jembamba la kilo 1.9, chipu ya picha (GPU) ya RTX 5070, prosesa kubwa kuliko zote kwenye orodha yao, RAM GB 64, SSD TB 2 na waranti ya miaka 3. Rafiki yangu anasema RTX 5070 ni RTX 5070 tu, iwe ya laptopu au ya mezani. Mwingine kanitisha kwamba mashine za Uingereza huungua kwa umeme wetu. Je, mpango wangu uko sawa? Na forodha nitalipa nini?"*

Ndugu yangu, la umeme linaisha haraka, kwa hiyo tulitoe njiani. Chaja za laptopu hizi hupokea volti 100 hadi 240, na imeandikwa hivyo kwenye kibandiko cha chaja yenyewe. Tanzania tunatumia volti 230 kama Uingereza, na plagi yao ya pini tatu za bapa ndiyo hiyohiyo iliyoko ukutani kwako. Kinachounguza chaja huku ni umeme unaopanda ghafla pale unaporudi baada ya kukatika, na hilo halichagui mashine imetoka nchi gani. Weka stabilaiza nzuri ya VA 1,000 au zaidi, nayo iwe na kipengele cha kuchelewesha umeme kwa dakika chache unaporudi. Chaja ya laptopu ya namna hii huwa ya wati 230 hadi 330, kwa hiyo kile kikebo cha soketi nyingi cha bei ya chee, chenye waya mwembamba, usikitumie.

Sasa kwenye mpango wako. Vipande ulivyochagua si vibaya, ila pesa umeielekeza kwenye vitu vinavyoweza kubadilishwa baadaye, ukabana kwenye vitu ambavyo havibadiliki kamwe. Hapo ndipo ningependa tukae.

Maduka haya hayatengenezi laptopu tangu mwanzo. Kasha, mazabodi, skrini, kibodi, feni na mabomba ya shaba ya kupozea hutoka kwa viwanda vichache vya Asia, vikiwemo Clevo ya Taiwan na Tongfang ya China. Duka kama PCSpecialist la Wakefield, Schenker la Leipzig linalouza kwa jina la XMG, au Sager la Marekani, hupokea miili hiyo ikiwa tayari na prosesa na GPU vilivyotiwa lehemu kwenye mazabodi. Wao huweka RAM, SSD, kadi ya Wi-Fi na Windows, hupaka pesti ya kupitisha joto, hupima, kisha hukutumia. Kwa hiyo "unachagua kila kipande" ni kweli nusu. Unachagua mwili mmoja kati ya kadhaa, kisha unachagua vitu vinavyofungwa kwa skrubu. Kasha, upoaji, GPU, prosesa na skrini utaishi navyo mpaka siku utakapoiuza mashine. RAM na SSD unaweza kuvibadilisha mwenyewe kwa bisibisi ya nyota.

Kabla ya jambo lolote, tafuta namba ya mwili. Jina la kuvutia lililoko kwenye tovuti ni la duka. Namba ya kiwanda huandikwa kwenye kibandiko cha chini ya laptopu, mara nyingi pia kwenye kitabu cha maelekezo unachoweza kukipakua kabla ya kununua, na ukiwauliza kwa barua pepe wengi hujibu bila kusita. Ukishaipata utaweza kusoma vipimo vya mwili huohuo uliouzwa na maduka mengine kwa majina mengine. Faida yake nyingine utaiona miaka mitatu baadaye unapotafuta betri au feni: utaagiza kwa namba ya kiwanda kutoka duka lolote linalouza mwili huo, hata kama lile la kwanza limeacha kuuweka.

Rafiki yako amekosea kuhusu RTX 5070, na kosa hilo si lake peke yake, majina ndiyo yanayopotosha. RTX 5070 ya mezani ina viini vya kuchakata (CUDA) 6,144, kumbukumbu yake yenyewe (VRAM) GB 12, na hutumia hadi wati 250. Ya laptopu ina viini 4,608, VRAM GB 8, na kiwandani hupangiwa wati kuanzia 50 hadi 100, pamoja na nyongeza kidogo inayoazimwa kwenye mgao wa prosesa pale prosesa isipokuwa na kazi nyingi. Ni chipu mbili tofauti zenye jina moja.

Hata laptopu mbili zenye RTX 5070 ileile hazilingani. Anayeunda mwili ndiye anayeamua GPU ipewe wati ngapi, na huamua kwa kuangalia joto ambalo feni na mabomba yake yanaweza kuliondoa. Kasha la kilo 1.9 linaweza kuipa wati 75 au 85, la kilo 2.5 likaipa 115 na kuihimili kwa saa nzima. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: GPU kwenye mwili huu inapewa wati ngapi kwa jumla, na nyongeza ikiwemo au haimo? Duka linalojua kazi yake hujibu kwa namba. Likikujibu kwa sifa tupu, nenda kwingine.

Kwa kazi yako kuna namba nzito kuliko wati, nayo ni VRAM. Blender inapotoa picha kwa GPU hupenda kuweka tukio zima, yaani maumbo, picha za nyuso na taa, ndani ya VRAM. Likizidi, sehemu humwagikia kwenye RAM ya kawaida na kazi hupungua kasi sana, au hukatika na kuleta ujumbe kwamba kumbukumbu imejaa. RTX 5060 ya laptopu ina GB 8. RTX 5070 ya laptopu nayo ina GB 8. Mruko wa kweli upo kwenye RTX 5070 Ti, yenye GB 12 na viini 5,888. Ndiyo maana mimi huona RTX 5070 ya laptopu imekaa mahali pabaya: unalipia jina kubwa zaidi, na ukuta unaogonga ni uleule wa 5060. Ukipunguza kwingine na 5070 Ti ikaingia kwenye bajeti, ichukue. Isipoingia, 5060 yenye wati kamili kwenye kasha pana ni ununuzi wenye akili kuliko 5070 iliyobanwa kwenye kasha jembamba, na salio litakununulia skrini nzuri.

Prosesa kubwa kuliko zote iache. Kwenye gemu mzigo mkubwa unabebwa na GPU, na kwenye Blender ukitoa picha kwa GPU hali ni hiyohiyo. Prosesa ya juu kabisa huongeza bei na joto ndani ya kasha ambalo inagawana na GPU, kwa sababu kwenye miili mingi mabomba ya shaba hupita juu ya chipu zote mbili. Prosesa ikichemka, GPU nayo hupashwa. Chukua ya daraja la pili kutoka juu, yenye viini 8 vya nguvu, inatosha kabisa kwa uhariri wa video.

Kuhusu RAM, GB 64 haitakuongezea hata fremu moja kwenye gemu. Chukua GB 32, na hakikisha ni vijiti viwili vya GB 16. Kijiti kimoja cha GB 32 huipa prosesa nusu ya njia ya kupitisha data, na gemu zinazoitegemea prosesa utaziona zikikwama. Kwa RAM za kizazi cha DDR5 epuka pia vijiti viwili vya GB 8: vingi hutengenezwa kwa chipu chache zenye mpangilio unaopunguza kasi. Kama kazi zako siku moja zitadai GB 64, utanunua vijiti viwili vya GB 32 na kuuza vya zamani. Kabla ya kuagiza uliza jambo moja tu: RAM ni ya kuchomeka au imetiwa lehemu? Kwenye makasha membamba sana siku hizi huwa imetiwa lehemu, na hapo ushauri wangu unageuka, ununue ya kutosha tangu mwanzo.

SSD ni hivyohivyo. TB 1 inatosha kuanzia, mradi mwili uwe na tundu la pili la kuchomeka SSD (M.2), na mingi inalo. Linganisha bei ya kuongeza TB 1 kwenye tovuti yao na bei ya SSD ileile dukani, kwa kuwa maduka mengine huongeza faida kubwa hapo na mengine huuza karibu na bei ya sokoni. Dai wataje jina na modeli ya SSD. Maneno "NVMe TB 1" peke yake yanaweza kuficha SSD ya QLC, aina ya chipu ya bei nafuu na ya polepole, tena isiyo na kumbukumbu yake ya muda (DRAM), ambayo ukiihamishia mafaili ya video ya GB 200 huanza kwa mbio kisha hushuka chini ya kasi ya diski za zamani za kuzunguka. Uhariri wako unahitaji ya TLC, aina iliyo na kasi zaidi.

Skrini usiibanie. Kama orodha inasema "45% NTSC", hiyo ina rangi zilizofifia, takribani theluthi mbili tu ya sRGB, kiwango cha kawaida cha rangi za mtandaoni na video. Mtu anayecheza tu anaweza kuvumilia. Wewe unayepeleka video kwa wateja utasahihisha rangi ambazo hazikuharibika. Tafuta 100% sRGB na mwanga wa niti 300 kwenda juu, 400 ikiwezekana kama hufanya kazi karibu na dirisha. Ukubwa wa pikseli 2560 × 1600 unapendeza kwa uhariri, ila jua kwamba una pikseli 78% zaidi ya 1920 × 1200 na gemu nzito zitaulipia kwa fremu. Unaweza kuishusha gemu hadi 1920 × 1200 na bado eneo la kazi likabaki kali. Uliza pia kama mwili una swichi ya MUX. Bila hiyo, picha inayotoka kwenye GPU kubwa hupitia kwanza kwenye GPU ndogo ya prosesa ndipo ifike kwenye skrini, na unapoteza sehemu ya kasi uliyoilipia.

Jambo linalosahaulika kuliko yote na watu wetu wanaoagiza ughaibuni ni joto la mahali mashine itakapofanyia kazi. Feni hazitengenezi ubaridi. Zinavuta hewa ya chumbani na kuitumia kubeba joto. Hewa ikiwa na nyuzi 11 zaidi, chipu nayo hupanda kwa karibu kiasi hichohicho, feni zikiwa kwenye kasi ileile. Kaka yako atapima laptopu Novemba kwenye chumba cha nyuzi 20. Wewe utaitumia Februari kwenye chumba cha nyuzi 31, labda bila kiyoyozi. GPU iliyotulia kwenye nyuzi 76 Leicester itakuwa kwenye 87 Dar, na 87 ndipo GPU nyingi za NVIDIA za laptopu huanza kujipunguza kasi ili zisiungue. Vipimo vyote unavyovisoma mtandaoni vimefanywa kwenye vyumba vya Ulaya au Marekani, kwa hiyo kila unapoona joto kwenye vipimo hivyo ongeza 10 kichwani ndipo uamue. Sababu hii peke yake inatosha mimi kukuambia uachane na kasha la kilo 1.9. Chukua la kilo 2.3 hadi 2.6, lenye feni mbili pana na matundu ya kutolea hewa nyuma na pembeni. Mgongo utalalamika kidogo siku za kulibeba, lakini kazi ya saa nne ya kutoa katuni haitageuka kuwa ya saa sita.

Kwenye orodha ya pesti ya joto, kama wanatoa karatasi ya aina ya PTM7950 ya Honeywell, lipia. Ni kitu kigumu kinacholainika chipu inapopata joto na kuziba mapengo, na hakisukumwi nje na kutanuka na kusinyaa kwa chipu kama pesti za kawaida, ambazo kwenye laptopu zinazochemka sana huanza kukauka au kukimbia katikati ndani ya mwaka mmoja au miwili. Metali ya majimaji, hata ipoze kiasi gani, mimi nisingekushauri. Inapitisha umeme, na metali ya gali (gallium) iliyomo humo hula alumini. Ikivuja tone moja kwenye mazabodi hakuna waranti itakayokufikia haraka Dar, na fundi anayejua kuisafisha si wa kumpata kila mtaa.

Tuje kwenye waranti. Isome neno kwa neno, kwa kuwa "miaka 3" kwenye kichwa mara nyingi ina matawi chini yake: kazi ya fundi miaka 3, vipuri mwaka 1, na kuja kuichukua nyumbani mwezi 1 tu. Maana yake mwaka wa pili mazabodi ikifa watakutengenezea bure ila mazabodi utainunua, na mazabodi ya laptopu hizi ina prosesa na GPU ndani yake, yaani sehemu kubwa ya bei ya mashine. Kulipia vipuri vya miaka 2 au 3 ni pesa nzuri kuliko RAM ya ziada. Lakini waranti hii ni ya kurudisha dukani kwao. Kusafirisha kifurushi chenye betri ya lithiamu kutoka Dar hadi Uingereza ni ghali na kampuni za usafirishaji zina masharti yake, na gharama hiyo ni yako. Muulize muuzaji kwa maandishi mambo mawili: waranti inaendelea kama mashine inaishi nje ya Uingereza na mimi nikiirudisha kwa gharama yangu? Na kufungua kifuniko cha chini kusafisha feni au kubadilisha RAM kunaivunja? Wengi hukubali kufungua, lakini jibu lao lihifadhi.

Kwa kuwa waranti itakuwa mbali, ulinzi wako mkubwa ni wiki ambazo laptopu itakuwa bado mikononi mwa kaka yako. Sheria ya Uingereza ya Haki za Wateja ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kuikataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa pesa zake zote. Akilipa kwa kadi ya mkopo, hata kama ni sehemu tu ya bei, Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinaifanya benki yake iwajibike pamoja na duka kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000. Kadi ya kawaida ya kutoa pesa kwenye akaunti haina kinga hiyo ya kisheria. Kuna pia siku 14 za kubadili mawazo kwa ununuzi wa mtandaoni, ila baadhi ya maduka hudai hazihusu bidhaa "iliyotengenezwa kwa agizo lako". Hoja hiyo ni dhaifu pale vipande vinapokuwa vya kawaida vinavyoweza kufunguliwa na kuuzwa tena. Ujerumani, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua hivyo mwaka 2003 katika shauri la laptopu iliyounganishwa kwa agizo la mteja. Hata hivyo soma masharti ya duka kabla ya kulipa, usije ukategemea mabishano.

Kwa hiyo aagize mwanzoni mwa Novemba, si Desemba. Kuunganisha na kupima huchukua wiki moja hadi tatu, na kipande kikikosekana ghalani husogea mbele. Iwe mkononi mwake angalau siku 14 kabla ya ndege.

Boksi likifika, alipige picha pande zote kabla ya kulifungua, kisha arekodi video ya kufungua. Anakili namba ya mashine. Kwenye Windows aweke programu ya HWiNFO na alinganishe prosesa, GPU, RAM na SSD na risiti, ahakikishe RAM inaonyesha njia mbili. Kisha acheze gemu nzito, au aendeshe kipimo cha 3DMark kwa mzunguko, dakika 30 mfululizo, chaja ikiwa imechomekwa, mashine iko juu ya meza na hali ya nguvu ya juu imewashwa. Dakika za mwisho ndizo zinazosema ukweli, za mwanzo mashine yoyote hukimbia. Anaangalia mambo matatu. GPU inapata wati zilizoahidiwa? Imetulia nyuzi ngapi? Na viini vya prosesa vinatofautiana kwa kiasi gani? Kiini kimoja kikizidi wenzake kwa nyuzi 15 na kuendelea, mara nyingi bati la kupozea halikukaa sawa au pesti imepakwa vibaya, na hilo wanapaswa kulitengeneza wao. Prosesa kufika nyuzi 90 kwa muda ni kawaida kwa mashine hizi. GPU iwe chini ya 77 kwenye chumba cha nyuzi 20, kwa sababu nilizokueleza.

Usiku aache MemTest86, programu ya kupima RAM, ikizunguka hadi asubuhi, kosa hata moja ni sababu ya kurudisha RAM. Afungue picha nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu kwenye skrini nzima kutafuta pikseli zilizokufa na mwanga unaovuja pembeni. Ajaribu kila tundu la USB, kibodi yote, kamera na maikrofoni, Wi-Fi akiwa mbali na ruta, na kuilaza na kuiamsha mara kadhaa. Halafu apakue kutoka tovuti ya duka madereva yote na ile programu ya kudhibiti feni, aviweke kwenye flashi. Programu hiyo ni ya mwili husika na baada ya miaka kadhaa huwa ngumu kuipata, na bila hiyo huwezi kupanga feni wala kuiwekea betri ukomo wa chaji wa 80%, jambo ambalo kwa joto la Dar litaiongezea betri umri sana.

Kwenye ndege laptopu ipande naye kwenye mzigo wa mkononi. Kiwango cha kawaida cha mashirika ya ndege kwa betri bila kuomba kibali ni wati-saa (Wh) 100, na watengenezaji huishia Wh 99 makusudi. Athibitishe namba hiyo kwenye kibandiko.

Forodha: laptopu iko kwenye msimbo 8471.30, na ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa msimbo huo ni 0%. Kinachobaki kuhesabiwa ni VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania ni 18% na Kenya 16%, pamoja na tozo ndogondogo. Tuweke hesabu. Bei ya pauni 1,500 ya Uingereza ina VAT yao ya 20% ndani yake, yaani mashine ni 1,250 na kodi 250. Utaratibu wa kumrudishia msafiri VAT hiyo ulifutwa England, Scotland na Wales kuanzia Januari 1, 2021, kwa hiyo kaka yako hatairudishiwa uwanjani. Akifika Dar na mashine mpya ya mtu mwingine, TRA (mamlaka ya mapato) wakaitoza 18% ya 1,500, ni pauni 270 na jumla inafika 1,770. Duka likikubali kuisafirisha lenyewe hadi Tanzania linaweza kuuza bila VAT yao: 1,250, tuseme usafiri na bima 70, jumla 1,320, na 18% yake ni karibu 238. Unaishia takribani 1,558 kabla ya tozo na malipo ya wakala. Tofauti ya zaidi ya pauni 200 si ndogo. Unachopoteza ni zile siku za kupima Leicester na urahisi wa kuirudisha, na maduka mengi ya Uingereza hayatumi nje ya Ulaya. Mimi kwa mashine ya kazi ningechukua njia ya kaka na kupima. Mwenye moyo wa kuvumilia hatari anaweza kuchagua nyingine, nayo ni halali kabisa.

Kisicho halali ni kuitoa kwenye boksi na kudai ni ya msafiri mwenyewe, au kuomba risiti ya bei ya uongo. Ofisa hutafuta bei mtandaoni kwa dakika mbili, kisha unalipa kodi na faini, na mashine inabaki ghalani. Kaka aje na risiti halisi na aitaje kwenye fomu. Misamaha na tozo hubadilika kila bajeti ya Juni, hivyo kabla ya kaka kulipa pita kwa wakala wa forodha mwenye leseni, mpe msimbo na bei, akupe makadirio ya siku hiyo.

Kabla hujamtumia kaka pesa, jiulize kitu kimoja zaidi. Je, unaibeba kweli? Kama kazi unaifanya mezani siku sita kwa wiki, kompyuta ya mezani ya thamani hiyohiyo, iliyounganishwa hapa Dar kwa vipande vipya, itakupa GPU kubwa zaidi yenye VRAM zaidi, itapoa vizuri, na kipande kikifa utakibadilisha kwa siku moja. Na kama unahitaji kubeba lakini huwezi kuvumilia wiki sita bila mashine ikiharibika, angalia laptopu za gemu za kampuni kubwa zenye kituo cha huduma kilichoidhinishwa nchini. Hutachagua kila kipande, ila utakuwa na mlango wa kugonga. Laptopu ya kuunganishiwa inamfaa mtu anayehama nayo, anayejua kufungua kifuniko, na mwenye mashine ya akiba hata kama ni dhaifu.

Ikishafika, feni zisafishwe kila baada ya miezi mitatu au minne. Vumbi letu na hewa ya chumvi ya pwani hushikana na mafuta ya jikoni na kuziba mapezi ya shaba kama blanketi. Zima, chomoa chaja, fungua kifuniko, chomoa waya wa betri kwanza, zuia panga za feni kwa kidole ndipo upulize. Feni inayozungushwa kwa hewa ya kasi huharibu beringi, na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi.

Kuna hali ambazo usijaribu mwenyewe wala usisubiri jibu la barua pepe. Betri ikivimba, utaiona kwa kibodi kuinuka au padi ya kugusa kukataa kubonyea: zima, usiichaji tena, usiitoboe, ipeleke kwa fundi wa laptopu siku hiyohiyo. Ukimwagia chai au soda, chomoa chaja, bonyeza swichi mpaka izime, igeuze chini, na usiiwashe "kuona kama inafanya kazi" hata ikionekana kavu. Fundi aifungue na kuisafisha bodi kwa alkoholi safi ya isopropili kabla ya sukari na chumvi kula njia za umeme. Harufu ya kuungua kutoka kwenye chaja ni sababu ya kuiacha chaja hiyo moja kwa moja. Ukinunua nyingine, soma volti na wati za kibandiko cha zamani na zilingane, kwa sababu chaja ya wati 180 kwenye mashine ya wati 280 itawasha taa na kukufanya uamini iko sawa, huku betri ikimalizika taratibu kila unapofungua gemu.